Mtu wa ambulensi anaweza kuwa tabibu? Ndiyo, ila mlango ni cheti cha kidato cha nne

Malori yanapopata ajali kwenye mteremko wa Iwambi au Mlima Nyoka, kazi ya ambulensi huonekana hadharani, na vijana wengi wa Mbeya wameijulia hapo barabarani. Baadhi yao wameshaingia kwenye kazi hiyo: madereva, wauguzi wa kusindikiza wagonjwa, wasaidizi wa afya, watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu. Sasa kuna swali linalozunguka miongoni mwao. Wameona mtandaoni kwamba Marekani paramediki anarudi shule miaka miwili na kitu, anatoka akiwa PA (physician assistant kwa Kiingereza), anaanza kupima wagonjwa na kuwaandikia dawa. Na huku kwetu njia hiyo ipo? Ukiwauliza watu watano utapata majibu matano.

Majibu yanapishana kwa sababu kazi na cheti vinazungumzwa kama kitu kimoja. Uzoefu wa ambulensi ni hazina kubwa ukishakaa mbele ya mgonjwa. Mbele ya dirisha la udahili, hapa Tanzania, hauna uzito wowote. Hilo la pili watu hawaambiwi mapema, na ndilo linalowala miaka na akiba.

Nani ni nani

Paramediki ni mtaalamu wa dharura kabla ya hospitali. Marekani kuna ngazi mbili ambazo huku huchanganywa. Ya chini ni EMT, kozi ya saa mia moja na kitu hadi karibu mia mbili: kuzuia damu, kufungua njia ya hewa, kumpa mgonjwa oksijeni, kumbeba bila kumuumiza. Juu yake ndiyo paramediki, anayesoma zaidi ya saa 1,000 za ziada, darasani, hospitalini na ndani ya gari. Huyu anaruhusiwa kuingiza mpira wa hewa kooni, kusoma mchoro wa umeme wa moyo na kutoa dawa za mshipa. Kwa hiyo cheti cha huduma ya kwanza cha siku chache hakikufanyi paramediki, hata kama sare ina alama ya msalaba. Katika ambulensi zetu za halmashauri timu ya kawaida ni dereva na muuguzi, na muuguzi huyo ana kada yake na baraza lake.

PA ni mtu aliyefundishwa kufanya sehemu kubwa ya kazi ya daktari akishirikiana naye: kuchukua historia, kupima, kuagiza vipimo, kutaja ugonjwa, kuandika dawa. Kada hii ilianza mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha Duke, jimbo la North Carolina, chini ya Dk. Eugene Stead. Madaktari walikuwa wachache, na wakati huohuo jeshi la wanamaji lilikuwa likirudisha uraiani vijana waliokwisha kutibu majeruhi kwa mikono yao lakini hawakuwa na nafasi hospitalini. Stead aliwachukua hao, na watatu wa kwanza walihitimu mwaka 1967. Ndiyo sababu hadi leo kule uzoefu wa dharura unahesabiwa: kada yenyewe ilijengwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo.

Kwetu hakuna kada inayoitwa PA. Iliyo karibu nayo kwa kazi ni tabibu, mwenye stashahada ya tiba ya miaka mitatu. Chini yake yupo tabibu msaidizi, aliyeishia miaka miwili. Juu yake alikuwapo, na bado yupo kazini, daktari msaidizi, ambaye watu wengi humwita AMO kwa herufi za Kiingereza. Huyo alikuwa tabibu mwenye uzoefu aliyerudi shule miaka miwili, na katika hospitali nyingi za wilaya ndiye aliyebeba upasuaji wa uzazi. Mafunzo hayo yalianza mwaka 1963 na sasa yamesitishwa. Anayekushauri leo "soma utabibu, kisha uende AMO" anakuelekeza kwenye mlango uliofungwa.

Tabibu si daktari aliyefeli. Kwenye zahanati nyingi za vijijini, kutoka Chunya hadi Ludewa, yeye ndiye mganga mfawidhi, na wengi wetu mtu wa kwanza kututajia ugonjwa wetu alikuwa tabibu.

Kazi inabadilika wapi hasa

Fikiria lori lililokatika breki pale Iwambi. Fundi anayefika barabarani ana swali moja: litolewe vipi kwenye mteremko lisiue mtu, lifike Mbalizi. Fundi wa gereji anaanza pale mwenzake alipoishia: breki ziliungua kwa nini, kifaa gani kibadilishwe, na wiki ijayo zitashika? Wote ni mafundi, lakini maswali yao ni tofauti. Aliyezoea la kwanza hulazimika kujifunza upya kuuliza la pili.

Chukua mtoto wa miaka miwili na nusu, kilo 12, ana homa na kikohozi, analetwa hospitali ya Igawilo. Mtu wa ambulensi anafuata mpangilio wake: njia ya hewa iko wazi? Anapumua vipi? Mzunguko wa damu ukoje, mikono ni ya baridi? Ana fahamu, ana degedege, sukari imeshuka? Ndani ya dakika chache anajua kama mtoto anahitaji oksijeni na gari la haraka. Mtoto akiwa imara, kazi yake imekaribia kwisha.

Ya tabibu ndiyo inaanza. Homa ni ya siku ngapi? Familia imetoka wapi? Mbeya mjini tupo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 na malaria si nyingi, lakini kama juzi walikuwa Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, hesabu inageuka. Anahesabu pumzi kwa dakika nzima akimtazama mtoto akiwa ametulia: kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, pumzi 40 au zaidi ni za kasi; kwa wa miezi 2 hadi 11 ni 50 au zaidi. Anaangalia kama kifua kinabonyea anapovuta hewa. Anapima malaria kwa kipimo cha haraka, anachungulia masikio, anazungusha utepe wa lishe mkononi (chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali), anasoma kadi ya chanjo. Kisha anaamua, kwa kilo. Kama ni malaria isiyo kali, mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa ALu kidonge 1 kila mara, mara sita kwa siku tatu, ya pili saa 8 baada ya ya kwanza. Paracetamol ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa hiyo kilo 12 hazizidi miligramu 180 kwa mara moja. Mwisho anamweleza mama, kwa maneno ya kueleweka, dalili za kumrudisha usiku huohuo na siku ya kumrudisha hata akiwa mzima.

Hilo la mwisho, siku ya kurudi, ndilo kiini cha tofauti. Ambulensi haina marudio. Tabibu anaishi kwa marudio, na huku kwetu zaidi ya kwingine. Utafiti wa kitaifa wa 2016–17 ulikuta Njombe na Iringa zinaongoza nchini kwa VVU, asilimia 11.4 na 11.3 ya watu wenye miaka 15 na kuendelea. Maana yake sehemu kubwa ya kazi ya tabibu wa Nyanda za Juu Kusini ni watu wasio na dharura yoyote: wanafuata dawa, wanapimwa wingi wa virusi, wanaulizwa kama wanakohoa, wanaandikiwa tarehe. Anayependa king'ora na damu, na anayechoshwa na mgonjwa yuleyule mwenye presha ileile, ajiulize kwa dhati kabla ya kulipa ada.

Mazoea yanayosaidia, na yanayoangusha

Anayetoka ambulensi huingia chuoni na vitu ambavyo wenzake wa kidato cha nne watavipata kwa shida. Anamtambua mgonjwa mahututi akiwa bado mlangoni. Haogopi mshipa. Anajua kubana kifua cha mtu ambaye moyo umesimama: mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, mibano 30 kwa pumzi 2. Anajua kuongea na ndugu wanaopiga kelele bila yeye kupiga kelele.

Matatizo huanzia kwenye mazoea hayohayo. La kwanza ni kuruka historia. Barabarani maswali sita yanatosha; kliniki, ugonjwa mwingi umejificha kwenye jibu la swali la kumi. Mwenye maumivu ya tumbo ya miezi mitatu hatibiki kwa kumwekea dripu.

La pili ni oksijeni. Kwenye ajali, kumpa majeruhi lita 10 hadi 15 kwa dakika kwa barakoa yenye mfuko ni sahihi. Lakini wodini Makete au Njombe, ambako baridi huwafungia akina mama jikoni na moshi wa kuni miaka arobaini, utakutana na bibi mwenye ugonjwa sugu wa mapafu. Huyo lengo lake ni oksijeni ya asilimia 88 hadi 92 kwenye kipimo cha kidole. Ukimfungulia oksijeni yote kwa siku nzima ili namba ipande hadi 99, hewa chafu inaweza kujikusanya kwenye damu, akasinzia na kuishia mahututi mikononi mwako, huku kipimo kikionyesha namba nzuri.

La tatu ni maandishi. Fomu ya ambulensi ni ukurasa mmoja, na faili la mgonjwa ni mazungumzo na mtu atakayelisoma baada ya miezi minne. "Hali nzuri, dawa zimetolewa" haimwambii chochote.

Na darasani, somo linalowaangusha wengi ni famakolojia, yaani somo la dawa, hasa wale waliosahau hesabu za asilimia na uwiano. Miezi mitatu kabla ya kuanza, kaa na kitabu cha anatomia na fiziolojia cha ngazi ya stashahada, na kila siku fanya hesabu tano za dozi kwa kilo bila simu. Ni ushauri mkavu, lakini unalipa kuliko kununua stetoskopu ya bei.

Njia yenyewe hapa Tanzania

Anza na cheti cha kidato cha nne. Kozi ya tiba ya tabibu inataka ufaulu wa angalau D nne kwenye masomo yasiyo ya dini, na kati yake lazima iwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza huhesabiwa kama nyongeza nzuri. D huanzia alama 30. Kama una F ya Fizikia, miaka kumi ya ambulensi haiifuti. Dawa yake ni kujisajili NECTA, baraza la mitihani la taifa, kama mtahiniwa wa kujitegemea, kusoma mwaka mmoja, na kufanya mtihani wa Novemba. Usajili hufungwa miezi mingi kabla ya mtihani, na wengi hupoteza mwaka mzima kwa kukumbuka Agosti.

Hapa pana mtego ambao nautaja kwa nguvu. Mtu ana F ya Hisabati, anapokelewa utabibu kwa sababu haikudaiwa, anamaliza vizuri. Anapotaka kuendelea hadi udaktari anakuta mwongozo wa vyuo vikuu umekuwa ukimtaka mwenye stashahada ya tiba awe na GPA (wastani wa alama za chuo) isiyopungua 3.0 pamoja na angalau D za kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Anarudia Hisabati akiwa na watoto wawili na zamu za usiku. Kama unarudia Fizikia mwaka huu, ongeza na Hisabati kwenye fomu hiyohiyo.

Cheti kikikaa sawa, maombi hupitia mfumo wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, na dirisha hufunguliwa katikati ya mwaka. Kwa ukanda huu kuna vyuo vya serikali vyenye historia ya kufundisha matabibu, kama Mafinga na Songea, na vipo vya binafsi kadhaa. Masomo ni miaka mitatu, ngazi ya 4, 5 na 6. Ukishindwa kuendelea baada ya ngazi ya 5 unabaki tabibu msaidizi. Ukimaliza ya 6 ni tabibu. Baada ya hapo ni usajili kwenye Baraza la Madaktari Tanganyika, chini ya sheria ya mwaka 2017, ndipo leseni, ndipo ajira. Bila leseni huruhusiwi kutibu, hata kwenye duka la dawa la shemeji.

Kwa muuguzi wa ambulensi njia ina kona yake. Cheti cha uuguzi kwa kawaida hakikupunguzii ngazi kwenye utabibu. Unaanza na wenzako ngazi ya 4. Kabla ya kufanya hivyo, pima kama unachokitaka si kupanda ndani ya uuguzi wenyewe, maana muuguzi mwenye shahada anayebobea kwenye dharura au wagonjwa mahututi anafanya kazi ya dharura kwa undani kuliko tabibu wa zahanati. Kwa dereva, njia ni ileile ya cheti cha kidato cha nne. Leseni ya udereva na mafunzo ya huduma ya kwanza havichangii udahili. Vinachangia mkate: dereva anayeweza kupata zamu za wikiendi anaweza kujikimu mwaka wa kwanza. Kuanzia mazoezi ya wodini, zamu za chuo hazipatani na kazi ya pembeni, kwa hiyo piga hesabu ya miaka miwili bila mshahara.

Kwenye pesa, ada ni sehemu tu. Watu huanguka kwenye yasiyoandikwa kwa herufi kubwa: michango ya mitihani, bima, sare, vifaa vya kupimia, na chumba na chakula unapopelekwa mazoezi wilaya nyingine. HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, ilianza kukopesha baadhi ya wanafunzi wa stashahada mwaka wa masomo 2023/24, na afya imo kwenye maeneo ya kipaumbele, kwa hiyo omba hata kama uliwahi kusikia kwamba mkopo ni wa chuo kikuu pekee.

Anayetaka udaktari kamili ahesabu hivi: mitatu ya utabibu, mitano ya shahada, mmoja wa mazoezi kwa vitendo. Tisa, bila kuhesabu muda wa kazi katikati. Shahada hiyo inafundishwa hapahapa Mbeya, kwenye kampasi ya afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na hilo limewapunguzia watu wa kanda hii gharama ya kuishi mbali na nyumbani.

Na ile njia ya Marekani?

Ipo, ni halisi, ila ni ya walio kule. Paramediki wa Marekani anayetaka kuwa PA lazima kwanza awe na shahada ya kwanza yenye kemia, baiolojia, anatomia, fiziolojia, maikrobaiolojia na takwimu. Wengi wao hukwama hapo, kwa sababu cheti cha paramediki si shahada. Saa zake za kazi na wagonjwa zinampa nguvu kwenye maombi, na vyuo vingi hudai saa mia kadhaa hadi elfu kadhaa. Kisha anasoma shahada ya uzamili ya kama miezi 27, ikiwamo takriban saa 2,000 za wodini, na kufanya mtihani wa taifa wenye maswali 300. Baada ya hapo, kila miaka miwili anadaiwa saa 100 za kujiendeleza. Kwa hiyo ile "miaka miwili na kitu" ni sehemu ya mwisho tu ya safari ya miaka saba au minane.

Uvumi unaoumiza watu ni kwamba tabibu wa Tanzania anaweza kufanya mtihani huo na kuajiriwa kama PA. Hawezi. Mtihani unafunguliwa kwa waliohitimu kwenye programu zilizoidhinishwa huko Marekani peke yake, na stashahada ya Mafinga au ya Nairobi haimo, hata iwe bora vipi. Anayekuuzia kozi ya wiki sita ya paramediki kwa ahadi ya u-PA ng'ambo anakuuzia hewa. Karibu na kwetu, Afrika Kusini ina kada inayofanana na PA, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2008, lakini nayo ni shahada ya miaka mitatu yenye baraza na masharti yake ya usajili.

Kabla ya kulipa chuo chochote huku nyumbani, omba namba ya usajili ya chuo (vyuo vya afya hutumia inayoanza na REG/HAS) na uitafute mwenyewe kwenye tovuti ya NACTVET. Angalia kama kilichoidhinishwa ni tiba ya tabibu, si jina la chuo tu, maana chuo kinaweza kuwa na idhini ya famasia na kisiwe na ya utabibu. Uliza wanafunzi wanafanya mazoezi hospitali gani na wangapi kwa wodi moja. Uliza pia, kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu na si kwa ofisi ya udahili, ni wangapi walioanza nao ngazi ya 4 bado wapo. Ada ilipwe benki kwa namba ya malipo iliyo kwa jina la chuo, na risiti ibaki kwako.